Pembezoni mwa Nairobi kwa Baisikeli: Mambo Ambayo Basi la Kuonyesha Ploti Halikuonyeshi

Siku hizi ni vigumu kupata kikundi kisicho na mpango wa kununua ardhi karibu na Nairobi. Merigoraundi imezunguka miaka mitatu minne, kuna akiba kidogo benki, halafu siku moja mtu anasimama mkutanoni na kuuliza, "Kwani sisi tutabaki hivi tu? Wenzetu wa ng'ambo ya mto wana ploti Nairobi." Watu wanapiga makofi. Mwezi unaofuata wako ndani ya basi.

Kikundi chetu kilifanya hivyo Agosti 2022. Sisi ni wanachama 15, wengi wetu akina mama, na mimi ndiye mweka hazina. Kampuni moja ya kuuza ardhi, ambayo sitaitaja, ilitutumia basi la bure. Tulipewa soda na mkate, tukaimba njiani, tukashushwa kwenye uwanda mkavu wenye upepo mzuri. Karatasi ilisema ploti iko Nairobi, kilomita mbili kutoka lami. Mwaka ule ulikuwa wa ukame, kwa hivyo ardhi ilikuwa ngumu kama saruji na basi liliteleza tu bila shida. Tulirudi nyumbani tukiwa tayari tumeamua. Mimi ndiye niliyetia sahihi hundi ya malipo ya kwanza.

Baadaye maswali yakaanza. Mwanachama mmoja aliuliza maji yanatoka wapi, nikakosa jibu. Mwingine akauliza kama mtoto anaweza kutembea kutoka hapo hadi shule. Sikujua. Niliona aibu, maana pesa zilikuwa zimepita mkononi mwangu. Ndipo katibu wetu, kijana mmoja asiyependa maneno mengi, akasema, "Mama, twende tukaangalie wenyewe, lakini tusiende kwa gari la mtu."

Novemba 2023 tuliazima baisikeli mbili kwa jamaa zangu wa Kikuyu, zile nzito nyeusi za keria ya chuma ambazo watu huziita black mamba. Nilivaa suruali ndani ya sketi na nikafunga kitambaa kichwani. Watu walicheka sana, mama mzima anapiga pedeli! Nasi tulicheka nao, tukaendelea. Nataka niwaeleze tuliyoyaona, kwa sababu tulikwenda kuangalia ploti moja tukakuta Nairobi nyingine kabisa.

Kwa nini baisikeli? Ukiwa ndani ya matatu unaona lami na mabango. Ukienda kwa miguu unachoka kabla ya kufika. Baisikeli inakwenda polepole vya kutosha kuona ng'ombe amefungwa wapi na mtaro unaelekea wapi, na inaingia vichochoro ambavyo gari haliingii. Tena kuna jambo jingine nililoligundua njiani. Mtu akikuona unashuka kwenye gari anakuona mnunuzi, na bei inapanda hapo hapo. Akikuona unasukuma baisikeli yenye matope anakwambia ukweli, wakati mwingine hata hujauliza.

TUKAFUATA MTO

Hatukuanzia kwenye ploti. Katibu alitaka tufuate Mto Nairobi kuanzia unakochipuka hadi kule chini ploti iliko. Alisema maji hayana kampuni. Mto huu unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukikitazama kwa mbali unadhani ni uwanja wa nyasi tu, kumbe chini ya yale matete na nyasi ni maji. Kutoka hapo mto unateremka mashariki, unapita katikati ya jiji kwenye kama mita 1,660, unafika Ruai kwenye karibu mita 1,500, halafu unaingia Mto Athi, ambao huko mbele huitwa Galana na tena Sabaki mpaka unamwagika baharini karibu na Malindi. Kwa hivyo mtu akitoka Kikuyu kwenda Ruai, safari ya kilomita zaidi ya 50, baisikeli inamsaidia. Kurudi ndiyo kazi.

Tulipita Thogoto tukateremkia Dagoretti, kisha Mutuini, Ruthimitu na Waithaka. Udongo ni ule mwekundu mzuri. Mabondeni kuna nduma na sukuma wiki, kando ya njia kuna nepia imekatwa na kufungwa mizigo ya kuuza, na karibu kila boma lina zizi la ng'ombe wa gredi mmoja au wawili. Jogoo anawika, mbolea inanukia. Nilimwuliza katibu, "Tumeingia Nairobi saa ngapi?" Akaniambia tumeingia kitambo. Mashamba hayo yako ndani ya Kaunti ya Nairobi, yenye watu 4,397,073 kwa hesabu ya mwaka wa 2019.

Huko Mutuini tulisimama kwa mzee mmoja aliyekuwa akikatakata nepia. Mbele ya boma lake kuna vyumba vya mabati vya kupangisha, mlango kwa mlango, na nyuma kuna ng'ombe wawili na kipande cha sukuma wiki. Nikamsalimu, nikamwuliza kwa nini asiondoe ng'ombe akaongeza vyumba, maana vyumba vina pesa ya kila mwezi.

"Mama, mpangaji anaweza kuhama usiku," akasema. "Ng'ombe hahami."

Halafu akatueleza kwamba ekari tatu za baba yake aligawana na ndugu zake, na yeye naye ameshawagawia vijana wake. Kile kipande cha ng'ombe ndicho kimebaki chake. Alikionyesha kwa panga. Hakikuwa kikubwa kuliko uwanja wa kanisa letu.

KWA NINI MASHAMBA YAKO NDANI YA JIJI?

Watu wengi hudhani jiji lilikua tu mpaka likafika mashambani. Kwa kiasi fulani ni hivyo, lakini kuna sababu nyingine. Nairobi ilianza kama kituo cha reli mwaka wa 1899, mahali padogo penye kinamasi. Mwaka wa 1963 mipaka yake ilipanuliwa sana, ikameza sehemu zilizokuwa mashambani kama Dagoretti upande wa magharibi, na uwanda wa malisho upande wa mashariki. Ndiyo maana leo kaunti ina kilomita za mraba zipatazo 696, na kati ya hizo 117 ni mbuga ya wanyama iliyotengwa mwaka wa 1946. Ukiongeza misitu ya Karura na Ngong, unaona kwamba mstari wa mpaka ulichorwa mbali kuliko nyumba zilipofika. Mkulima wa Mutuini hakuhamia jijini, ni jiji lililomfuata alipokuwa.

Sababu ya pili ni hati. Sehemu zile za juu, ardhi iliunganishwa na kupimwa upya wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya 1950, na kila familia ikapata kipande chake na baadaye hati yake. Hakuna mtu mmoja mwenye ekari elfu moja wa kuuzia kampuni kwa siku moja. Kuna maelfu ya familia, na kila moja inauza au kukataa kuuza kwa wakati wake. Linganisheni na upande wa Kiambu, mashamba makubwa ya kahawa karibu na barabara ya Thika. Barabara mpya ilipokamilika mwaka wa 2012, mengi yalikuwa tayari yameanza kugeuka mitaa ya nyumba, kwa sababu pale mwenye shamba mmoja akikubali, kahawa yote inang'olewa.

Na msidhani kulima jijini ni kuvunja sheria. Zamani askari wa manispaa walikuwa wakifyeka mahindi kando ya barabara, lakini mwaka wa 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kusimamia na kuendeleza kilimo cha mjini. Mzee wetu wa Mutuini hakuwa na habari nayo. Alisema yeye alikuwa akilima tu.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri tofauti. Sisi kijijini tunatamani ploti ya jijini, na wao waliozaliwa ndani ya jiji wanashikilia ng'ombe wawili kwa nguvu zote.

Tulilala Kawangware kwa binamu yangu. Saa kumi na moja alfajiri tukaondoka ili tupite katikati ya jiji kabla ya magari kujaa. Sehemu hii sina mengi ya kusema isipokuwa hili: kwenye barabara kubwa msione haya kushuka na kusukuma. Dereva wa matatu hana habari na mama wa baisikeli. Tulishika Jogoo Road, tukaingia Outer Ring, na kufikia saa mbili tulikuwa Kangundo Road tunakunywa chai na mandazi.

UPANDE WA CHINI

Tukaukuta tena mto wetu maeneo ya Njiru. Sikuamini ni ule ule. Yale maji tuliyoyaona yakitoka Ondiri yalikuwa yamekuwa meusi, yana povu, na harufu inakufikia kabla hujayaona. Yamepita viwandani na kwenye mitaa isiyo na mabomba ya majitaka, tena yamekutana na Mto Mathare na Mto Ngong ambayo nayo ina mizigo yake. Na bado, kando yake kuna mashamba! Sukuma wiki ya kijani kibichi, spinachi, nepia inayokushinda urefu. Majani yanastawi kwa sababu majitaka yana mbolea. Lakini pia yana mayai ya minyoo, na yale yanayotoka viwandani yanaweza kuwa na madini mazito kama risasi. Minyoo unaweza kuipunguza kwa kuosha na kupika vizuri. Madini yakishaingia ndani ya jani, kuosha hakuyatoi.

Sisemi haya ili niwalaumu wakulima wale. Mama mmoja aliyekuwa akivuna aliniambia amesomesha watoto kwa shamba lile, na hana maji mengine. Nasema kwa sababu kila wakala wa ploti upande huu atakuambia "kuna mto karibu, mtalima." Mwulize ni mto gani, na umepita wapi kabla ya kufika hapo.

Mbele kidogo, Ruai, kuna mabwawa makubwa ya kusafishia majitaka ya jiji. Maji hupitishwa bwawa baada ya bwawa, jua na vijidudu vikifanya kazi. Ndege ni wengi ajabu. Upepo ukigeuka, mtajua kwa nini ploti fulani zina bei nafuu.

Baada ya Ruai uwanda unafunguka. Hapa ushamba ni wa namna nyingine. Kule Dagoretti kila futi ya ardhi ina mtu anayeishughulikia. Huku unaona nyasi, mawe ya mipaka, nguzo za ua, bango, na mara geti zuri la chuma lisilo na ukuta wala nyumba. Ardhi hii zamani ilikuwa ranchi. Makampuni ya kununua ardhi yaliuza hisa kwa watu wengi, hisa zikageuka ploti, ploti zikauzwa tena na tena. Wenyewe wako Nakuru, wako Uarabuni, wako vijijini kama sisi, wanangoja bei ipande. Kwa hivyo unakuta nchi iliyokwisha kuuzwa yote lakini haina watu, na mchungaji anapitisha ng'ombe katikati ya hati za watu mia moja. Yeye ndiye anayeijua. Tulimwuliza maji yanasimama wapi wakati wa mvua, akatuonyesha kwa fimbo, kona kwa kona, bila kudai hata senti.

Udongo nao umebadilika. Ni ule mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kuvimba na kunata wakati wa mvua. Nyumba ikijengwa juu yake bila kuchimba hadi kwenye mwamba au kuuondoa udongo wote, kuta hupasuka, na gharama ya msingi inaweza kuwashangaza. Agosti hatukuuona ubaya wake. Novemba hii mvua ilikuwa imenyesha juma zima. Tulipoacha lami, hatukufika mbali magurudumu yakagoma. Matope yalijaa kati ya tairi na madgadi mpaka baisikeli ikasimama yenyewe kama punda. Tukawa tunakwangua kwa kijiti, tunasukuma, tunakwangua.

Ndipo tulipopima umbali. Hii ni njia rahisi, na ningependa kila kikundi kiijue. Gurudumu la baisikeli kubwa likizunguka mara moja linakwenda mita mbili na robo hivi. Funga kitambaa chekundu kwenye spoku moja, kisha hesabu kila kinapopita chini. Mizunguko 450 ni kama kilomita moja. Katibu alihesabu kwa sauti, mimi nikiweka jiwe mfukoni kila alipofika mia. Kutoka lami hadi kwenye ploti yetu nilikuwa na mawe 29. Ni karibu kilomita sita na nusu. Karatasi ilisema mbili.

Na hatukufika mpaka mwisho kwa urahisi. Kati ya njia na ploti kuna kijito ambacho Agosti kilikuwa mchanga mtupu, hata basi lilikikanyaga tukadhani ni shimo la barabara. Sasa maji yalifika magotini na yalikuwa na nguvu. Katibu alivuka, mimi nikabaki na baisikeli. Alizikuta bikoni tatu, ya nne haikuonekana. Jirani pekee, mzee mlinzi kwenye kibanda cha mabati, alimwambia maji huletwa na lori, na kisima cha karibu kilichochimbwa kwa mashine kina chumvi. Visima virefu sehemu nyingi za Nairobi na viunga vyake pia huwa na floraidi nyingi, ile inayowatia watoto meno ya kahawia, kwa hivyo maji ya kisima yapimwe maabara kabla ya mtu kuyasifia.

Jambo la mwisho alilotuambia mlinzi ndilo lililonikata miguu. Hapo si Nairobi. Ukishapita Kamulu ukielekea Joska, umeingia Kaunti ya Machakos. Si vibaya kuwa na ardhi Machakos, ni ardhi nzuri kwa wengi, lakini ofisi ya kutafuta rekodi za hati ni nyingine. Ile mashine ya serikali ya kutafuta hati kwa simu, Ardhisasa, ilianza na Nairobi mwaka wa 2021, na sisi tulikuwa tumengoja jibu la Nairobi kuhusu ploti isiyokuwa Nairobi.

MAMBO YA SHERIA, KWA UFUPI

Niliporudi nilikwenda kuuliza wanaojua. Kama ardhi ni ya kilimo, uuzaji wake unahitaji kibali cha Bodi ya Usimamizi wa Ardhi, ile watu huita Land Control Board. Maombi yapelekwe ndani ya miezi sita baada ya mapatano. Bila kibali mapatano hayana nguvu, hata kama mmepeana mikono mbele ya chifu. Lakini sheria hiyo hiyo inasema pesa iliyolipwa katika mapatano ya namna hiyo inaweza kudaiwa kama deni. Kwetu sisi hakuna aliyekuwa amepeleka maombi, na miezi sita ilikuwa imepita zamani.

Tena angalieni kando ya mito. Kuna nafasi isiyoruhusiwa kujengwa, kuanzia mita 6 hadi 30 kulingana na upana wa mto. Wengi hawakujali mpaka mafuriko ya Aprili na Mei 2024, serikali ilipoamuru watu waondoke ndani ya mita 30 na nyumba nyingi za kando ya mito ya Nairobi zikabomolewa. Kile kijito chetu hakimo hata kwenye mchoro wa ploti tuliopewa.

Nilisoma ripoti ya safari mbele ya kikundi, pamoja na mawe 29 mezani. Haukuwa mkutano mzuri. Wawili walisema nimewavunja moyo, na mmoja aliuliza kwa nini sikuendesha baisikeli kabla ya kutia sahihi, swali ambalo nilijiuliza mwenyewe kilomita zote zile za kurudi. Wengi waliamua tudai pesa. Kampuni ilirudisha nusu baada ya barua ya tatu, nusu nyingine bado tunadai. Kwa ile nusu tulikodi ekari moja hapa kijijini karibu na mfereji, tunapanda nepia na kuuza kwa wenye ng'ombe.

Baisikeli zote mbili tulizirudisha kwa wenyewe. Moja ilichomwa na mwiba karibu na Ruai, tairi la nyuma likapasuka kabisa, na jipya tulilinunua kwa pesa za kikundi. Risiti iko kwenye faili.